Mwaka wa Karatasi

Laiti Phalkun angeyajua majina ya wageni wake tangu jana, angejitia homa. Angejifunika gubigubi, akampigia bosi wake simu kwamba tumbo linamkata, atafutwe mwingine. Lakini karatasi ya kazi iliandikwa tu: familia, watu watano, Kifaransa, siku nzima. Basi asubuhi akapiga pasi shati lake la njano la waongoza watalii, akabandika beji kifuani, akaenda kusimama mbele ya hoteli na tabasamu lake la kazini.

Mlango wa kioo ukafunguka. Akatangulia mama mmoja mwenye kofia pana na miwani ya jua. Akafuata kijana mrefu aliyening'iniza kamera shingoni. Nyuma yao akaja bibi kizee, kichwa amekinyoa chote kama wanavyonyoa wazee wa dini, na aliyemshika mkono yule bibi alikuwa Molika.

Moyo ulimlipuka pa! Miaka miwili hakuwa amemwona kwa karibu namna hii. Kwa ajili ya huyu msichana alihama kijijini Preah Dak akapanga chumba mjini, ili tu asipite tena mbele ya kibanda cha tambi cha mama yake Molika. Na leo huyu hapa, amevaa sketi ya hariri ya rangi ya zambarau, nywele amezifunga, anamtazama kama aliyeona mzimu.

"Kijana, mbona umeganda?" yule mwenye kofia akauliza. "Ndiwe mwongozaji wetu?"

"Ndimi, Madamu."

"Mimi ni Madamu Nary. Tumetoka Lyon. Huyu ni mwanangu, Visal. Huyu msichana ndiye tunayemposa, huyo ni bibi yake, na huyo anayetoka ni mama yake."

Mama yake Molika, Sokhom, jirani ambaye Phalkun alimwita Shangazi tangu utoto, ndiye aliyetoka mwisho. Alipomwona Phalkun alisimama ghafla, akakunja viganja kifuani kumsalimu, macho chini.

"Hujambo, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini.

"Sijambo, Shangazi."

"Kumbe mnajuana!" Madamu Nary akachangamka.

"Mtoto wa jirani," Shangazi Sokhom akajibu upesi. Akaishia hapo.

Haya basi. Mtu unamwita mtoto wa jirani, na mwenyewe alikula tambi zako tangu hajaota meno ya mbele, na mama yake alikuja kwako na ndizi na tambuu kumwombea binti yako, ukampokea kwa mikono miwili, ukamrudisha kwa heshima zote na neno moja tu: nyota zimekataa.

"Sikiliza, kijana," Madamu Nary akamvuta pembeni. "Hawa wawili miezi sita wanatumiana picha na vikatuni kwenye simu. Mwanangu Kikhmer kinampiga chenga, na msichana hajui Kifaransa. Mimi ningetafsiri, lakini kijana ataongeaje mambo yake mbele ya mama yake? Leo wewe ndiwe mdomo wao. Jioni nataka jibu. Achar wetu, mzee wa nyota na harusi, anangoja simu apange siku, maana watawa wakishaanza mfungo wa masika hakuna harusi tena mpaka miezi mitatu ipite, na likizo ya mwanangu inaisha. Umenielewa?"

Phalkun aliitikia kwa kichwa. "Nimekuelewa, Madamu."

Alitaka kukimbia. Lakini mguu wa kukimbilia hakuwa nao.

*

Kwenye kizuizi cha kuingilia mahekaluni, mlinzi alichungulia ndani ya gari. Wakhmer hupita bure, wageni tiketi. Akamtazama Visal, viatu vyake, kamera yake.

"Na huyu?"

"Mkhmer huyo!" Madamu Nary akafoka. "Nimemzaa mwenyewe!"

"Aseme kitu basi, mama. Tusikie."

Gari zima likamgeukia Visal. Kijana wa watu jasho likamtoka. "Mimi... naitwa Visal," akaanza, kila neno analichimbua. "Mimi Mkhmer. Mimi... nakula wali sana."

Mlinzi alicheka mpaka akashika ukingo wa dirisha. "Kakate tiketi, kaka. Wali hata watalii wanakula."

Molika naye akacheka. Alicheka kwa mkono mdomoni, mabega yakimtikisika, kama alivyokuwa akicheka zamani Phalkun alipojaribu kukanda unga wa tambi ukamganda mpaka kwenye nyusi. Visal alipoona msichana anacheka, badala ya kukasirika akacheka pia, akajipiga kofi la paji la uso. Phalkun akageuza shingo akatazama miti. Kilichomuuma zaidi ni kwamba kijana mwenyewe alikuwa mzuri. Angekuwa na majivuno angalau angemchukia kwa raha zake.

Walianza Bayon, kwenye nyuso kubwa za mawe. Kisha wakaenda Ta Prohm, ambako mizizi imezikalia kuta kama kuku aliyeatamia. Wazee walikaa kivulini wakanunua maji ya madafu. Visal akawa mbele na Molika, Phalkun katikati yao, mahali ambapo hakuna mwanamume mwenye akili angetaka kuwepo.

"Muulize anapenda nini," Visal akasema kwa Kifaransa.

"Anauliza unapenda nini."

"Mwambie napenda kulala mchana," Molika akajibu, macho kwenye mawe.

Phalkun akatafsiri. Visal akacheka. "Na chakula?"

Phalkun hata hakuhitaji kuuliza. Alijua anapenda embe bichi kwa chumvi ya pilipili, kwamba hali bata, kwamba chai humfanya akose usingizi. Lakini aliuliza, akajibiwa, akatafsiri, neno kwa neno, kama mtu anayesomewa barua yake mwenyewe.

"Samahani kama swali langu halina adabu," Visal akasema baadaye, sauti imepungua. "Muulize kama aliwahi kupenda. Sitakasirika. Mimi mwenyewe niliwahi."

Phalkun akajifanya anarekebisha beji yake.

"Anasemaje?" Molika akauliza.

"Anauliza... kama uliwahi kupenda."

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Molika alimtazama usoni, moja kwa moja, na macho yale yalimtoboa. "Wewe unaonaje?"

"Mimi kazi yangu kutafsiri."

"Basi tafsiri. Mwambie niliwahi, na alikuwa mtu mzuri, na akaja kuniposa. Nyota zikakataa."

Phalkun akageuka, akasema yote kwa Kifaransa. Kwenye "mtu mzuri" aliharakisha, kama neno la kawaida tu.

"Nyota zilikataaje?" Visal akashangaa.

"Achar anauliza mwaka wa mwanamume na mwaka wa mwanamke, wanyama wao. Kuna miaka inayopatana na kuna isiyopatana. Mwaka wa Joka na mwaka wa Mbwa, kwa mfano, hawakai nyumba moja. Wakikaa, mmoja hatamaliza miaka."

"Na watu wanaamini bado?"

"Mama yako anaamini. Ninyi nanyi mmelinganishwa, ndiyo maana uko hapa. Wewe mwaka gani?"

"Mama kasema mimi Simbamarara."

"Simbamarara na Mbwa ni chanda na pete," Phalkun akasema. Kisha akaona afadhali aonyeshe mti.

*

Alasiri waliingia Angkor Wat. Jua lilikuwa limegeukia upande wa lango la magharibi, na moshi wa ubani ulijaa chumba cha Ta Reach, sanamu kubwa ya mawe ambayo watu wa huku humchukulia kama babu yao. Bibi yake Molika akataka kumwombea mjukuu. Molika na Visal walikuwa nje wakipigwa picha na Madamu Nary. Shangazi Sokhom alikuwa ametangulia ndani kwenye michoro ya mawe. Phalkun ndiye aliyemshika bibi kiwiko, akamwashia vijiti vya ubani, akapiga magoti kando yake.

Bibi masikio yalikuwa mazito, kwa hiyo aliomba kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe.

"Babu Ta Reach! Ni mimi tena! Nimemleta mjukuu wangu, Molika, mwana wa Sokhom, mwaka wa Nyani! Mpe mume mwema, umpe na watoto wenye pua ndefu kama za Wafaransa!"

Watu walicheka kidogo. Phalkun hakucheka. Alidhani hakusikia vizuri.

"Bibi," akamsogelea sikioni, "umesema mwaka gani?"

"Nyani! Wa Nyani."

"Si wa Mbwa?"

"Mbwa ni wa karatasi, mjukuu wangu. Alivyokuwa mdogo aliugua sana, akachelewa shule miaka miwili, mwalimu akasema amezidi umri. Mama yake akaenda ofisini akaandikisha mwaka wa Mbwa. Sasa mimi niliyempokea kwa mikono hii utaniambia nini? Mwaka ule walikuja wale askari wa kofia za buluu, walitupa biskuti. Ulikuwa wa Nyani."

Phalkun alibaki ameshika ubani mpaka majivu ya moto yakamwangukia mkononi. Hakuyahisi. Yeye mwaka wake ulikuwa wa Joka. Na kila mtoto wa kijijini kwao anajua kwamba Joka na Nyani ni ndoa ya baraka. Hupati bora yake ukitafuta nchi nzima. Kwa miaka miwili alikuwa amekubali, akalia kimyakimya, akajiambia basi, nyota ndivyo zilivyosema, kumbe nyota hazikuulizwa! Iliulizwa karatasi.

Likamjia na la pili. Visal alikuwa Simbamarara. Simbamarara na Nyani! Hao ndio wasiokaa nyumba moja kabisa.

Alimkabidhi bibi kwa mama muuza ubani, akatoka mbio.

Shangazi Sokhom alikuwa amesimama peke yake kwenye veranda ndefu yenye michoro ya mawe, mbele ya ukuta wa wakosaji wanaoburutwa kwa kamba za puani. Phalkun hakuzungusha maneno.

"Shangazi. Molika ni wa mwaka wa Nyani."

Yule mama hakuruka wala hakukana. Mabega tu ndiyo yalimwanguka. "Nani kakwambia?"

"Bibi. Kamwambia Ta Reach, mimi nikiwa pembeni. Shangazi, ulikosea au ulijua?"

"Phalkun mwanangu..."

"Ulikosea au ulijua?"

"Nilijua." Alijifuta uso kwa ncha ya krama, skafu yake ya shingoni. "Mama yako ni rafiki yangu. Tumesukuma mashine ya tambi pamoja kabla hujazaliwa. Ningemwambiaje usoni kwamba simtaki mwanawe? Nikampa achar karatasi. Nikajua nyota zitakataa. Nyota zikikataa, hakuna anayemchukia mwenzake."

"Kwa nini? Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea kitu. Wewe ni mtoto mzuri. Lakini watalii wakikata miguu, wewe unarudi shambani, naye anarudi kwenye sufuria la maji ya moto. Umeiona mikono yake? Ana makovu mpaka kwenye viwiko, na mimi ninayo, na mama yangu anayo. Nilisema huyu mmoja asiwe nayo tena. Huyu mmoja tu."

"Na Simbamarara je? Unaamini nyota, Shangazi, nakujua. Unamwoza Nyani kwa Simbamarara?"

Hapo ndipo Shangazi Sokhom alipolia. "Unafikiri napata usingizi? Achar ni yule yule. Kitabu chake kimeandikwa Mbwa. Nikimwambia leo ni Nyani, atauliza kwa nini safari ile nilisema Mbwa, na mama yako atasikia, na kijiji kizima kitasikia. Nimejifungia mlango mwenyewe, mwanangu. Kila siku ya sala nawapelekea watawa chakula, naomba ubaya wowote uje kwangu mimi."

Phalkun alitaka kupiga kelele. Lakini sauti ya Madamu Nary ikaja kutoka kwenye kona: "Kijana! Juu panafungwa saa kumi na moja! Wapandishe hawa, sisi magoti yetu hayawezi!"

*

Ngazi ya kwenda juu kabisa imesimama karibu wima. Molika alitangulia, sketi ameikamata kwa mkono mmoja. Visal akafuata. Phalkun alipanda wa mwisho, na kila hatua aliifanya kwa hasira: nitasema, nitasema, nitasema.

Juu kulikuwa na upepo. Msitu ulitandaa chini pande zote. Visal hakupiga picha hata moja. Aliivua kamera shingoni, akaiweka sakafuni, akasimama mbele ya Molika kama mtoto anayetaka kusomeshwa.

"Tafadhali tafsiri polepole," akamwambia Phalkun. "Mwambie sikuja kwa sababu tu mama kanituma. Mwambie nimefurahi leo kuliko siku nyingi. Mwambie namtaka yeye, lakini najua kuna wazazi katikati. Kama hanitaki, aniambie sasa hivi. Nitamwambia mama kwamba mimi ndiye niliyekataa. Lawama zote nitabeba mimi, nitapanda ndege niende zangu."

Jamani, kijana wa watu! Alikuwa amefungua mlango kwa mkono wake mwenyewe. Phalkun alimgeukia Molika, akatafsiri kila neno, hakuiba hata moja. Kisha, kwa sauti ile ile ya kazini, ili Visal asishtuke, akaendelea.

"Haya yangu sasa. Molika, wewe ni Nyani. Kumbe siku zote wewe ni Nyani."

"Najua mwaka wangu, Phalkun."

"Mimi nilikataliwa kwa sababu ya Mbwa!"

"Hilo sikulijua. Wewe uliambiwa Mbwa. Mimi niliambiwa nyota tu. Hatukuulizana." Akajifuta machozi kwa kiganja. "Mwezi uliopita achar aliposoma majina yetu na huyu, nikasikia anataja Mbwa, ndipo nikaelewa. Nilikaa chini ya meza ya tambi nikalia mpaka bibi akadhani nimeungua."

"Mwezi mzima! Mbona hukunitafuta?"

"Nilimwambia mama kwanza. Nikamwambia naenda kwako, naenda leo hii." Alifumba macho. "Akaniomba nisiende. Usiniulize aliniombaje. Aliniomba kwa namna ambayo mtoto hawezi kukataa akabaki mtu."

"Anasemaje?" Visal akauliza kwa upole. "Analia. Nimemuudhi?"

"Hapana," Phalkun akamjibu kwa Kifaransa. "Anafikiri." Akamgeukia tena Molika. "Huyu amekufungulia mlango. Sema hapana. Atabeba lawama, kasema mwenyewe."

"Na wiki ijayo? Mama ataleta mwingine, na karatasi ile ile. Huyu angalau ana moyo. Wa wiki ijayo nitamjua vipi?"

"Mimi je, Molika?"

Alinyoosha mkono kidogo kama anayetaka kumfuta kitu begani, kisha akaurudisha.

"Wewe ndiye niliyesema kwamba niliwahi kumpenda. Nilidanganya. Sijaacha." Akavuta pumzi. "Sasa mwambie ndiyo. Usiongeze, usipunguze."

"Siwezi."

"Unaweza. Mimi nimefungwa, Phalkun. Mama yangu kanifunga, sina la kufanya. Lakini wewe hujafungwa na mtu. Ukifika chini ukasema mbele ya Madamu kwamba mimi ni Nyani, harusi imekufa hapo hapo, na mimi sitakukana. Nitasema ni kweli. Ila kwanza mwambie huyu ndiyo, maana mimi nilimwahidi mama kwamba nitajibu ndiyo."

Phalkun alimtazama Visal. Visal alimtazama yeye kwa matumaini yaliyomjaa usoni, masikini, akisubiri maisha yake yatoke kwenye mdomo wa mtu mwingine.

"Anasema ndiyo," Phalkun akasema.

Visal alijishika kichwa kwa mikono miwili. Alicheka, akafuta macho, akakunja viganja akainama mbele ya Molika kwa makosa makosa, na mwisho, kwa furaha isiyo na pa kwenda, akamkumbatia Phalkun.

"Asante, kaka! Asante! Bila wewe ningefanya nini?"

Mlinzi wa ngazi akapiga filimbi. Muda umekwisha, mshuke mmoja mmoja.

*

Visal alishuka wa kwanza, kinyumenyume, akipiga kelele za Kifaransa kabla hajafika chini. Madamu Nary alirusha kofia. Phalkun akafuata. Hakuwahi kuona ngazi ikiwa ndefu namna ile. Lakini kwa mara ya kwanza siku nzima aliona njia. Neno moja tu. Hakuhitaji kugombana na mtu wala kumtukana mtu. Nyani. Madamu angeshika kifua, angeita achar kwa simu, na yote yangeporomoka. Na Molika pale juu yake, kwenye ngazi, angesema ni kweli.

Alikanyaga chini.

"Madamu Nary," akasema kwa Kikhmer, kwa sauti ya kusikika. "Kabla hujapiga simu, kuna jambo la mwaka."

"Mwaka wa nini, kijana?" Madamu alikuwa tayari na simu mkononi.

Ndipo Shangazi Sokhom aliposogea. Alikuja akasimama kati yake na Madamu, akiwapa wengine kisogo, akamtazama Phalkun, viganja vikapanda taratibu mpaka kwenye paji la uso, na magoti yakaanza kukunjika. Mama wa makamo, mwenye mvi, rafiki wa mama yake, anampigia magoti yeye! Kwa watu wao mtoto ndiye huinama kwa mkubwa. Mkubwa akimwinamia mtoto, mtoto ameangamia, hana tena jema atakalolifanya likahesabiwa. Hapo Phalkun akajua Molika aliombwaje mwezi uliopita.

"Shangazi, usifanye hivyo," akanong'ona. "Tafadhali, inuka."

Hakuinuka. Aliendelea kushuka, machozi yakimtiririka, bila sauti.

Phalkun alimdaka chini ya makwapa kabla magoti hayajagusa jiwe. Mwili wake ulikuwa mwepesi kuliko alivyodhani. Alimwinua, akamshikilia, na alipokuwa amemshikilia hivyo aliisikia nguvu yote aliyoshuka nayo ikimtoka, kama maji yanavyotoka kwenye ndoo iliyopasuka. Angemwachia, angesema. Mkono haukumwachia.

"Jamani! Kuna nini tena?" Madamu Nary akauliza.

"Nimeteleza," Shangazi Sokhom akasema, akijifuta uso. "Mawe haya."

"Kasemaje mama mkwe?" Visal akauliza kwa Kifaransa. "Ameumia?"

Phalkun alimtazama yule mama. Kisha akamtazama Visal.

"Anasema ameteleza."

"Pole, Mama," Visal akajaribu kwa Kikhmer chake.

"Na wewe ulikuwa unasema nini, kijana?" Madamu Nary akamgeukia. "Jambo la mwaka. Mwaka gani?"

Molika alikuwa amebakiza ngazi tatu. Alisimama pale pale, mkono kwenye ukingo, akisubiri.

"Huu, Madamu," Phalkun akasema. "Nilikuwa nasema mwaka huu ni mzuri kwa harusi. Pigeni simu mapema, maana achar wanajaa."

"Hilo nalijua, mwanangu!" Madamu akacheka, akaanza kubonyeza namba.

Visal alinyoosha mkono kumsaidia mchumba wake. Molika alimtazama Phalkun kidogo tu. Kisha akamaliza zile ngazi tatu, moja, moja, akaupokea mkono wa Visal.